SIMU YAKO IMEZEEKA: UITENGENEZE, UIBADILISHE, AU UITOE NYUMBANI LEO?



Kila mfanyakazi wa mgodi anajua kukagua vyombo vyake. Mbele ya kuanza posti anaangalia kaski kama haina ufa, buti kama soli haijafunguka, taa kama inawaka sawasawa. Hakuna mtu anayetupa kaski kwa sababu rangi yake imepauka. Tena hakuna mtu wa akili anayeshuka chini na kaski iliyopasuka kwa sababu ameizoea. Chombo kinabadilishwa kikiwa hakifanyi tena kazi yake, au kikianza kuwa hatari kwa mwenyewe.

Lakini kuna chombo kimoja tunachokibeba usiku na mchana, na wengi wetu hatukikagui hata mara moja: simu. Wengine wanaibadilisha kila mara jirani akinunua mpya, na feza ya masomo ya watoto inakwenda humo. Wengine wanaishika mpaka inavimba kama mkate, na wanaiweka chini ya mto wa kulalia. Makosa haya mawili yanaharibu nyumba, moja kwa upande wa mfuko, lingine kwa upande wa moto.

Katika ukurasa huu tutaeleza namna ya kuamua. Utaona kwamba jambo hili si la watu wa duka peke yao, ni la usalama na la afya pia. Usiku mtoto akishikwa na degedege, ni simu inayoita gari la wagonjwa. Simu inayozimika wakati huo ni sawa na taa inayozimika chini ya ardhi.

Kile kinachozeeka ndani ya simu

Katika simu, kitu kinachozeeka mbele ya vingine ni batri. Kioo kinaweza kukaa miaka kumi kama hakikuanguka. Batri haiwezi, hata ukiifunga katika kitambaa cha hariri.

Sisi watu wa migodi tungepaswa kuijua batri hiyo kuliko watu wote. Ndani ya batri nyingi za simu kuna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka katika nchi yetu, hasa upande wa Kolwezi na Fungurume. Mwaka 1980, huko Oxford, Uingereza, John Goodenough na wenzake walionyesha kwamba kobalti ikiunganishwa na lithiamu na oksijeni inaweza kuweka umeme mwingi katika nafasi ndogo. Mwaka 1991 kampani Sony ya Japani ilianza kuuza batri za namna hiyo. Mwaka 2019 Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa zawadi ya Nobel kwa kazi hiyo. Gramu chache za kobalti zilizo katika simu yako, labda zilipita katika mikono ya mwenzako.

Namna batri inavyofanya kazi si ngumu kufahamu. Kuna pande mbili, na katikati kuna maji ya dawa yanayowaka kwa upesi. Ukitia umeme, lithiamu inahama kutoka upande mmoja kwenda upande wa pili. Ukitumia simu, inarudi. Kila safari inaacha uharibifu kidogo. Safari zikiwa nyingi, nafasi ya kuweka umeme inapunguka.

Watengenezaji wanahesabu safari hizo. Safari moja ni kujaza asilimia 100. Ukijaza 50 leo na 50 kesho, umefanya safari moja. Kwa miaka mingi batri nyingi zilitengenezwa ili baada ya safari 500 hivi zibaki na asilimia 80 ya nguvu zake za mwanzo. Mtu anayejaza simu kabisa kila siku anamaliza safari 500 kwa mwaka mmoja na miezi 4 hivi. Tangu tarehe 20 Juni 2025, sheria ya Umoja wa Ulaya inadai kwamba simu mpya zinazouzwa kule ziwe na batri inayoweza kufanya safari 800 na kubaki na asilimia 80. Lakini simu nyingi zilizo mikononi mwetu ni za mbele ya sheria hiyo, na tena nyingi zimekwisha kutumiwa na watu wengine.

Adui mkubwa wa batri ni joto. Watengenezaji wengi wanaomba simu itumiwe mahali ambapo joto halipiti digri 35. Fikiria sasa gari lililosimama juani katika mwezi wa Oktoba, simu ikiwa mbele ya kioo. Fikiria simu iliyowekwa karibu na mbabula wakati mama anasonga bukari, au iliyofunikwa na godoro huku inaingia umeme. Batri ya namna hiyo inazeeka upesi kuliko miaka yake.

Alama za hatari: simu hii isilale nyumbani leo

Kuna alama ambazo hazingoji mwisho wa mwezi. Ukiona hata moja, usijadiliane.

1. Simu imevimba. Mgongo umeinuka, kioo kinajitenga na ukingo, au kifuniko hakifungi tena. Ili kuhakikisha, laza simu juu ya meza iliyo sawa. Ikiyumba au ikizunguka kama pia, mbele haikuwa hivyo, batri imevimba. Ndani yake maji ya dawa yameoza na kugeuka hewa.

2. Simu inawaka joto bila kazi. Kupata joto kidogo wakati wa kuchaji au wa kutazama video ni kawaida. Lakini simu iliyolala mezani bila kufanya kitu, na huwezi kuishika vema mkononi, ni mgonjwa.

3. Kuna harufu kali na tamu kama ya rangi ya kucha, au maji yanatoka. Hiyo ni batri iliyotoboka.

4. Simu ilianguka sana, ilipondwa, au ilizama katika maji, kiisha ikaanza kupata joto. Jeraha la batri halionekani kwa nje. Linaweza kungoja siku nyingi mbele ya kuwaka.

5. Mahali pa kuingiza waya pameungua, pamekuwa peusi, au panatoa cheche.

Sikia mazungumzo yanayofanyika katika nyumba nyingi. Mama anasema: «Baba, hii simu imevimba.» Baba anajibu: «Mama, acha, inaitika bado.» Ndiyo, inaitika. Batri iliyovimba inaweza kuitika mpaka dakika ile inapopasuka. Kuitika si dalili ya uzima.

Msidhani kwamba haya yanapata simu za zamani peke yake. Mwaka 2016 kampani Samsung ilitoa simu mpya, Galaxy Note 7, na baada ya wiki chache batri za baadhi yake zikashika moto. Kampani ikaziita zote zirudi, na mwezi wa Oktoba wa mwaka uleule ikaacha kuzitengeneza. Kama batri mpya yenye kosa ndogo inaweza kuwaka, iliyovimba isipewe nafasi.

Kwa ninyi mnaoshuka chini ya ardhi kuna neno zaidi. Moshi wa batri ya lithiamu una sumu, kati yake asidi inayoitwa floridi ya hidrojeni, inayochoma mapafu na macho. Nje, upepo unauchukua. Katika kaji ya kuteremka, imejaa watu bega kwa bega, moshi huo hauna pa kwenda. Kwa hiyo simu iliyovimba isiingie katika mfuko wa salopeti. Tena, iwe nzima au mbovu, mpya au ya zamani, simu haikaribii mahali panapotegwa baruti: mawimbi yake yanaweza kuamsha vilipuzi vya umeme.

Simu ya hatari inafanywaje? Ondoa waya. Izime. Usiitoboe, usiikandamize ili «irudi chini», usiianike juani, usiitie katika firigo. Iweke nje ya nyumba, katika chungu au sufuria ya chuma yenye mchanga mkavu, mbali na mvua, makala na watoto. Kiisha ipeleke kwa fundi anayejua kazi, au uliza ofisi ya usalama ya kazi yako mahali pa kuweka batri zilizochakaa. Ikiwa batri tu ndiyo imevimba na simu ni nzima, fundi anaweza kutia batri mpya, na simu ikaendelea.

Alama za uzee tu: mbele ya kununua, tengeneza

Sasa tuje kwa simu zinazochosha mwenyewe bila kumhatarisha. Hapa wengi wanapoteza feza bure.

Simu inaisha umeme upesi. Ulikuwa unaitumia siku nzima, sasa saa sita mchana imekufa. Hiyo ni batri. Batri mpya inauzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya simu mpya.

Simu inazimika ikiwa bado na asilimia 20 au 30. Hii nayo ni batri. Batri ya zamani haiwezi kutoa nguvu nyingi kwa mara moja. Simu ikidai nguvu, inaanguka, kama mzee anayeweza kutembea lakini hawezi kukimbia.

Simu imekuwa nzito, kila kitu kinakawia. Angalia kwanza nafasi ya kuwekea picha na video. Ikijaa, simu inakwama. Futa video za vikundi, toa programu usizotumia, zima simu na kuiwasha tena. Uzito unaweza pia kutoka kwa batri. Mwezi wa Desemba 2017 kampani Apple ilikubali mbele ya watu wote kwamba ilikuwa inapunguza mwendo wa simu fulani zenye batri zilizochoka, ili zisizimike ghafula. Mwaka 2018 ikapunguza bei ya batri mpya. Waliotia batri mpya waliona mwendo unarudi. Wenzao waliokwisha kununua simu nyingine walikuwa wamelipa feza nyingi kwa ugonjwa mdogo.

Simu haipokei umeme vizuri. Jaribu kwanza waya nyingine na shajeri nyingine. Kisha angalia tundu: katika vumbi letu jekundu, tundu linajaa uchafu. Zima simu, toa uchafu polepole kwa kijiti kikavu cha mti, si kwa sindano wala pini ya chuma.

Kioo kimepasuka. Kama vidole havikatwi na mguso unafanya kazi, unaweza kungoja. Kama vipande vinatoka, badilisha kioo, hasa nyumbani mkiwa na mtoto mdogo anayetia kila kitu mdomoni.

Alama ya siri: simu nzima isiyolindwa tena

Kuna uzee mwingine usioonekana kwa macho. Simu za kugusa zinapokea kutoka kwa mtengenezaji marekebisho ya kuziba matundu ambayo wezi wanaingilia. Baada ya miaka fulani mtengenezaji anaacha kuyatuma. Simu inawaka, inapendeza, lakini mlango wake wa nyuma haufungwi tena.

Ili kujua, fungua «Paramètres», kiisha «À propos du téléphone» au «Sécurité», utafute tarehe ya marekebisho ya mwisho ya usalama. Kama ni ya mwezi huu au ya miezi michache iliyopita, ni vema. Kama imepita miaka miwili au zaidi, na ukijaribu kutafuta marekebisho simu inajibu kwamba hakuna, ujue imeachwa.

Vilevile programu zinaacha simu za zamani. Tangu tarehe 1 Januari 2025 WhatsApp haifanyi tena kazi katika simu za Android 4.4, namna iliyotoka mwaka 2013. Mwaka uleule iPhone 6 na zilizo mbele yake ziliachwa pia. Mtu anaweza kuamka asubuhi na kukuta hawezi tena kuandikia mtoto wake anayesoma Lubumbashi, na simu haijaanguka hata siku moja.

Hapa akili inatakiwa. Kama katika simu hiyo unaweka programu ya benki, nywila zako na picha za vitambulisho, usikawie kubadilisha. Kama unaitumia kwa kupiga, kupokea, na kutuma feza kwa namba fupi za M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, simu ndogo ya vibonye inatosha, na batri yake inakaa siku nyingi. Wazee wetu wengi wanaishi vizuri na simu hizo. Si aibu. Na wasiogope kwamba feza yao imekaa ndani ya simu: feza imeshikwa na namba. Simu ikifa, namba ikihamia simu nyingine, feza iko palepale.

Hesabu ya nyumba

Mbele ya kutoa feza, baba na mama wakae pamoja, wajibu maswali haya matano:

Kwanza: je, simu ina alama ya hatari? Kama ndiyo, itoke leo. Maswali mengine yafuate baadaye.

Pili: je, inaweza kufikisha siku nzima bila kuchajiwa, au usiku kucha kwa yule anayelala na mgonjwa? Kama sivyo, je, batri mpya inatosha?

Tatu: je, inapokea marekebisho ya usalama, na programu tunazozihitaji zinafanya kazi?

Nne: kuitengeneza kutalipwa ngapi? Mafundi wengi wana kipimo kizuri: matengenezo yakipita nusu ya bei ya simu nzima ya namna ileile, afazali kununua nyingine.

Tano: tukinunua, ni kitu gani hatutanunua mwezi huu?

Tuchukue mfano. Tuseme simu ya namna yako inauzwa dola 100. Batri mpya pamoja na kazi ya fundi ni dola 15. Ukitengeneza na simu ikakaa miaka miwili, umelipa chini ya dola 1 kwa mwezi. Ukinunua mpya na ikakaa miaka mitatu, umelipa karibu dola 3 kwa mwezi. Basi tengeneza. Lakini tuseme simu hiyohiyo inataka batri dola 15, kioo dola 40 na tundu jipya dola 10: jumla ni 65, na simu yenyewe haipokei tena marekebisho. Hapo kutengeneza ni kutia mafuta katika gari lisilo na injini. Weka dola zako kando, ngoja mshahara ujao, nunua nyingine.

Jambo ambalo halimo katika hesabu hii ni simu ya jirani. Jirani hatakulipia deni.

Ukinunua batri au simu nyingine

Batri ya uongo ni mbaya kuliko batri ya zamani. Iliyo nyepesi sana, isiyokaa vema mahali pake, au yenye maandishi yaliyokosewa, iache. Usikubali fundi aikate au kuikunja ili iingie. Angalia pia kama ilikaa miaka dukani, maana batri inazeeka hata bila kutumiwa.

Kwa simu iliyokwisha kutumiwa, usilipe barabarani kwa haraka. Ilaze mezani uone kama inayumba. Andika *#06#: namba ya tarakimu 15 itatokea, na iwe sawa na ile ya boksi. Tia kadi ya SIM, piga, sikiliza, chaji kwa dakika 10, shika mgongo uone joto. Angalia tarehe ya marekebisho ya usalama kama tulivyoeleza. Hakikisha kwamba mwenye kuuza ameondoa jina lake la Google ao la Apple, la sivyo simu inaweza kujifunga mikononi mwako. Omba karatasi ya malipo.

Kuhusu shajeri: iliyo dhaifu inaharibu batri nzuri. Umeme ukikatika, toa shajeri katika ukuta. Umeme ukirudi kwa nguvu, usiikute imechomekwa. Chaji juu ya meza au sakafu ya simenti, si juu ya kitanda. Usiifunike. Ukiweza, chaji wakati watu wako macho.

Simu ya zamani inakwenda wapi?

Simu ikiwa nzima, mpe mzazi au ndugu, au uiuze. Kwanza hamisha picha na namba za watu. Toa kadi ya SIM na kadi ya kuwekea picha. Toa jina lako la Google, kiisha fanya «Réinitialiser» ili kila kitu kifutike. Ukifungua WhatsApp katika simu mpya utapokea namba za siri kwa ujumbe. Namba hizo hazipewi mtu yeyote, hata akisema yeye ni mfanyakazi wa mtandao. Hata namba ya siri ya feza ni hivyo.

Simu iliyokufa isiwe mchezo wa watoto. Mtoto atauma, atapiga kwa jiwe, atatia msumari, na ndani bado mna nguvu ya kuchoma. Usiitupe katika moto wa takataka ndani ya lupango: itapasuka, na moshi wake utaingia katika vifua vya watoto wanaocheza hapo. Usiitupe katika choo wala kisima.

Mwaka 2022 dunia nzima ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme vilivyochakaa, na chini ya robo ndiyo iliyojulikana kukusanywa na kutengenezwa tena kwa utaratibu. Humo mlikuwa na shaba na kobalti ambazo watu kama ninyi walizitoa chini ya ardhi kwa jasho. Kila mwaka unaoongeza katika maisha ya simu nzima, umepunguza kilima hicho kidogo.

Ikiwa moto umekwisha kutokea

Simu ikiwaka, usiishike na usiirushe. Toa watu kwanza, watoto mbele. Kama imechomekwa, kata umeme penye fusibu. Kiisha mwagia maji mengi kutoka mbali kidogo, na usiache upesi: batri inaweza kuzimika na kuwaka tena, na maji ndiyo yanayoipoza. Moshi ukiwa mwingi, toka, funga mlango, ita msaada.

Mtu akiungua, mpoze na maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20 kamili kwa saa. Kama mna ndoo tu, mimina polepole na kikombe. Hata kama saa moja au mbili zimepita, maji bado yanasaidia. Vua pete, saa na nguo za mahali hapo mbele hapajavimba. Lakini nguo iliyoshikamana na ngozi usiivute. Mtoto mdogo asiachwe apate baridi: poza kidonda, funika sehemu nyingine za mwili.

Usipake dawa ya meno, mafuta ya mawese, yai, unga wala mkojo. Vitu hivi vinashikilia joto na kuingiza uchafu, na katika dispensari tunalazimika kuvisugua juu ya kidonda, mgonjwa akilia. Usitie barafu. Usipasue malengelenge. Funika na kitambaa safi au mfuko safi wa plastiki, uje.

Uje bila kungoja ikiwa aliyeungua ni mtoto, ikiwa ni uso, mikono, viungo au sehemu za siri, ikiwa kidonda kinapita kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole, au ikiwa alivuta moshi. Aliyevuta moshi aje hata kama anasema yuko mzima, maana kikohozi na pumzi fupi vinaweza kuja saa nyingi baadaye. Maji ya batri yakiingia machoni, osha kwa maji mengi dakika 20 mbele ya kuja.

Mambo ya kushika

Simu iliyovimba, inayowaka joto bure, au inayotoa harufu: itoke leo.
Simu inayoisha umeme upesi au inayozimika: jaribu batri.
Simu iliyojaa: ifutie uchafu wake.
Simu isiyopokea marekebisho: usiiweke siri za feza.
Matengenezo yanapita nusu ya bei: nunua nyingine, bila deni.

Jioni hii, mkiisha kula, wekeni simu zote za nyumba mezani. Zitazameni moja moja, mgongo na ubavu, kama mnavyotazama kaski mbele ya kushuka. Kazi hii haipiti dakika 5. Simu itakayoyumba juu ya meza, isirudi chini ya mto wa mtu.

*Msaidizi wa mganga, Dispensari ya Kambi*